Kichwa cha Risasi Kinapimwa na Chemba, si na Karatasi

Mangaribi ya siku ya tatu ya semina ya usalama kazini, tulibaki watu sita katika ofisi ya sendika hapa Lubumbashi. Umeme ulikuwa umekatika. Tuliwasha taa ya betri, tukaendelea kunywa chai. Katikati yetu alikaa mgeni, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliyetoka jimbo la Idaho kule Marekani. Huko alitumika miaka mingi ndani ya shimo la risasi na fedha. Alikuja kutufundisha juu ya vumbi. Kamarade mmoja wa mipakani, anayejua Kiingereza, alikuwa anatugeuzia maneno.

Kijana wetu mmoja akamuuliza: "Papa, kama hamuko ku kazi, kule kwenu munafanyaka nini?"

Mzee akacheka. Akatoa mfukoni mikrometa ya zamani na kipande cha chuma cha kijivu, kirefu kama kidole, umbo lake kama chupa yenye shingo nyembamba. Alituambia kwamba ku uwanja wa ndege waliigeuza ile chupa mara mbili, wakamuuliza kama ni risasi.

"Hii si risasi," alisema. "Hii ni nafasi tupu ya ndani ya bunduki yangu. Niliijaza madini, nikaitoa, sasa ninaweza kuipima."

Tulikaa naye mpaka saa nne za usiku. Tunaandika hapa yale tuliyosikia, sababu tuliona yanatuhusu siye watu wa shimo kuliko tulivyofikiri.

Kwa nini sendika iandike juu ya risasi

Tuseme wazi kwanza. Siye hatupendi bunduki, na mji huu una sababu. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa Elisabethville ya wakati ule, watumikaji wa Union Minière waliogoma juu ya mshahara walipigwa risasi ku uwanja wa mupira. Ilikuwa wakati wa vita, na shaba ya Katanga ilikuwa inatakiwa sana na majeshi. Nyumba nyingi za hapa zinajua hadithi ile bila kuisoma kitabuni. Hatuandiki ili mtu aende kutengeneza silaha. Vipimo vya baruti hatutaviandika, na kushika silaha bila ruhusa ni kosa, kila mtu anajua.

Mzee naye alitoka mahali panapofanana na petu. Bonde la Coeur d'Alene huko Idaho ni bonde la risasi na fedha. Mwaka 1892 watumikaji na walinzi wa makompanyi walipigana kule kwa bunduki, na mwaka uliofuata, 1893, sendika kubwa ya watu wa migodi wa magharibi ya Marekani ikazaliwa mjini Butte. Tarehe 29 Aprili 1899 wachimbaji walipanda gari la moshi wakaenda kulipua kwa baruti kinu cha Bunker Hill. Serikali ikaleta askari, wakafunga mamia ya watu. Kwa hiyo mzee anapotaja Winchester, anataja kitu kilichokuwa ndani ya nyumba za wachimbaji wa kwao tangu wakati wa babu yake. Leo wanaiwindia paa kila majira ya vuli.

Maneno mawili, kitu kimoja

Kiswahili chetu kinaita "risasi" vitu viwili: madini mazito ya kijivu, na kile kinachotoka ndani ya bunduki. Ili tusichanganyikiwe, hapa tukisema risasi peke yake tunasema madini. Kile kinachoruka tutakiita kichwa. Ganda, baruti, fataki na kichwa vikiwa pamoja, tutaviita kartushi.

Watu kama mzee wetu hawanunui kartushi za duka. Ganda likishatumika hawalitupi. Wanaweka fataki mpya, baruti mpya, na kichwa walichomimina wenyewe katika kalibu ya chuma. Ganda ni la shaba na zinki, karibu sehemu 70 kwa 30. Chini ya kichwa wanabana kofia ndogo ya shaba, ili moto wa baruti usiyeyushe kitako chake. Kusikia hivyo, tuliangaliana: shaba ya Katanga, zinki kama ya Kipushi. Kitu kile ni kidogo kuliko kidole, lakini kina karibu kila madini tuliyochimba.

Mlango, koo na mitaro

Bunduki yake ni Winchester ya mtindo wa 1894, aliyoachiwa na baba yake. Ni ile yenye mkono chini ya kifyatulio: unausukuma mbele, ganda tupu linaruka, unaurudisha, kartushi mpya inaingia. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Kartushi yake, .30-30, ilitoka mwaka 1895.

Mzee alituchorea ndani ya mwanzi kwenye karatasi ya semina. Mwanzo ni chemba, mahali kartushi inalala. Mbele yake kuna koo, nafasi fupi isiyo na mitaro. Kisha mitaro inaanza, ile inayozungusha kichwa ili kiende sawa. Karatasi za viwanda zinasema kwa kalibre hii: kati ya tuta na tuta milimita 7.62, ukipima ndani ya mitaro, 7.82.

Kichwa cha duka kina ngozi ngumu ya shaba, kinakuwa 7.82 sawasawa na mitaro. Kichwa cha kumimina hakina ngozi. Ni risasi iliyochanganywa na bati kidogo na antimoni, na ni laini. Lazima kizidi mitaro kwa kitu kidogo sana: 7.85 au 7.87, mara nyingine 7.90. Unywele wa mtu unaweza kuwa mnene kuliko tofauti hiyo.

"Na kama kikipungua?" tulimuuliza.

Kikipungua, moto wa baruti unapita pembeni yake. Unakikata, unakiyeyusha ubavu, na risasi inapakwa ndani ya mwanzi kama rangi. Kichwa kinapotea njia. Mnyama anapigwa tumbo badala ya moyo, anakwenda kufia mbali na hakuna atakayemkuta.

"Na kikizidi sana?"

Hapo ni hatari ya mwindaji mwenyewe. Kichwa kinene kinavimbisha shingo la ganda. Kama shingo limejaza chemba, halina nafasi ya kufunguka na kukiachilia kichwa. Nguvu ya baruti inapanda haraka, na uso wa mtu uko nyuma ya chuma kile, karibu sana.

Tulidhani atatupa namba moja ya kushika. Alikataa. Alisema bunduki hizi zimetengenezwa kwa zaidi ya miaka mia, kwa makina tofauti, na watu waliochoka na wasiochoka. Mwaka 1964 kiwanda kilibadilisha namna ya kutengeneza ili kupunguza gharama, na mpaka leo wanunuzi wanatafuta zile za mbele ya mwaka huo. Mwaka 2006 kiwanda kile cha New Haven kilifungwa kabisa. Karatasi ilibaki ileile wakati wote huo, lakini miwanzi haikufanana. Jirani yake ana Marlin ya kalibre hiyohiyo, mitaro yake ni mingi lakini haina kina. Kichwa kinachopendeza Winchester ya mzee kinateleza ndani ya Marlin ile. Mpaka jirani akatafuta kalibu ya kichwa kinene zaidi.

Hata kalibu haisemi kweli yote. Ukimimina risasi tupu, kichwa kinanywea kikipoa. Ukiongeza antimoni, kalibu ileile inatoa kichwa kinene zaidi. Na kipande cha zinki kikiingia katika chungu, madini hayajazi kalibu vizuri tena. Wenzetu wa tanuru wanajua maneno haya bila kufundishwa.

Kwa hiyo mzee anapima. Kwanza anasukuma kipande cha risasi laini kwa fimbo ndani ya mwanzi mzima. Kinatoka na alama za mitaro, anakiweka ku mikrometa. Pili anatengeneza ile chupa. Kuna mchanganyiko wa madini unaoitwa Cerrosafe, unayeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Anaziba mwanzi kwa kitambaa mbele ya koo, anamimina, anaacha igande, anaisukuma nje. Kwanza inanywea, kisha inavimba polepole. Kisha saa moja inafika kipimo cha chemba yenyewe. Mwanzi wa baba yake ulikuwa 7.85 ndani ya mitaro, umezidi karatasi. Kichwa kinachoufaa ni 7.90, na ile chupa ilimwonyesha kwamba shingo la chemba lina nafasi ya kutosha.

Pua bapa

Unene peke yake haumalizi kazi. Kuna pua.

Katika bunduki nyingi za namna hii, kartushi zinapangwa katika bomba chini ya mwanzi, moja nyuma ya nyingine. Pua ya ile ya nyuma inagusa fataki ya ile ya mbele. Bunduki ikiruka nyuma kwa nguvu, pua yenye ncha inaweza kupiga fataki kama msumari, na bomba lote likawaka mkononi. Ndiyo sababu vichwa vya bunduki hizi vinakuwa na pua bapa, pana kuliko fataki. Kalibu inayojulikana sana kwa .30-30, Lyman 311041, inatoa kichwa cha namna hiyo, cha gramu 11 hivi, chenye nafasi ya kofia ya shaba.

Si zote zenye bomba. Winchester ya mtindo wa 1895 ina sanduku, kartushi zinalala moja juu ya nyingine, kwa hiyo ncha haidhuru. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alibeba za mtindo huo alipowinda Afrika ya Mashariki mwaka 1909. Mwanzo wa 1910 alifika nazo Lado kuua vifaru weupe, wakati Lado ilikuwa bado chini ya utawala wa Kongo. Wabebaji wa safari ile walihesabiwa kwa mamia, na wengi walisema Kiswahili.

Turudi ku bomba. Springi yake inasukuma kartushi zote kwa nyuma, na inaweza kuingiza kichwa ndani ya ganda. Kwa hiyo kichwa kina mfuo mmoja kiunoni, na mdomo wa ganda unabanwa pale. Mahali pa mfuo ndipo panapoamua urefu wa kartushi nzima. Kwa .30-30 urefu usipite milimita 64.8, la sivyo itakwama ikipandishwa kutoka bomba kwenda chemba. Tena mkono wa bunduki hii hauna nguvu ya kulazimisha. Kartushi lazima iingie kwa vidole viwili.

Mwisho ni koo. Kuna vichwa vyenye pua ndefu inayopanda juu ya matuta: pua hiyo iwe karibu 7.62, ikizidi sana inajikaza. Vingine vina mwili mnene unaofika mbele mpaka kooni: kama koo ni fupi, mwili unagonga mitaro kabla mlango kufunga.

Siku kichwa kilipobaki ndani

Mambo hayo ya koo mzee aliyajua kwa shida.

Alikuwa kijana. Shemeji yake alimpa vichwa vya kalibu nyingine, kalibre ileile, vizuri kwa macho. Alijaza kartushi 20 bila kujaribu hata moja, akapanda mlima kabla ya kuchwa kwa usiku. Ya kwanza iliingia kwa ugumu. Aliusukuma mkono wa bunduki kwa nguvu ya bega mpaka ukafunga. Paa hakuja. Wakati wa kurudi alifungua ili aitoe. Ganda likatoka peke yake, na baruti ikamwagika ndani ya makina kama mchanga. Kichwa kilibaki kimeshikwa ku koo.

"Theluji ilikuwa inaanguka," alisema. "Vidole vyangu vilikuwa vimekufa baridi. Nilikung'uta baruti, na mkono wangu ulikuwa tayari unarudisha kartushi ya pili."

Alinyamaza kidogo. Siye sote tuliotumika na vilipuzi tulielewa. Kama kartushi ya pili ingekuwa fupi kidogo, ingeingia nyuma ya kile kichwa kilichoziba. Angepiga, na mwanzi ungepasuka mbele ya macho yake.

Hakupiga. Alitembea saa mbili mpaka nyumbani, akakisukuma kichwa nyuma kwa fimbo ya shaba. Zile 19 alizivunja zote, moja moja. Tangu siku ile, kila akipata kichwa kipya, anatengeneza kwanza kartushi ya uongo: ganda na kichwa tu, hakuna baruti, hakuna fataki. Anaiingiza katika chemba, anaitoa, anatafuta alama za kukwaruzwa. Ikiingia bila kulazimishwa, ndipo anajaza za kweli.

Damu ya mtoto

Tulifikiri hadithi imekwisha. Mzee akajaza chai yake, akasema kwamba kartushi ile haikuwa kosa lake kubwa.

Bonde lake linajulikana kwa jambo lingine. Mwezi wa Septemba 1973, moto uliunguza vichujio vya moshi vya tanuru la risasi la Bunker Hill mjini Kellogg. Kazi ya tanuru iliendelea. Mwaka 1974 watoto wa mji walipimwa damu, na risasi iliyokutwa ndani yao ilikuwa kati ya vipimo vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa Marekani. Mwaka 1983 bonde liliwekwa katika orodha ya serikali ya mahali pa kusafishwa.

Mzee hakutumika ku tanuru lile. Alikuwa ku shimo lingine, na alikuwa delege wa sendika. Alisimama katika mikutano, alipiga kelele juu ya moshi. Binti yake wa miaka mitatu naye akapimwa, na kipimo kikatoka kibaya. Mganga akamuuliza maswali mengi. Swali la mwisho: "Ndani ya nyumba kuna mtu anayeyeyusha risasi?"

Alikuwa anamimina vichwa vyake jikoni, mangaribi ya jumamosi, ku moto uleule wa kupikia. Binti alikuwa anacheza chini ya meza. Alikuwa anaondoa takataka za juu ya chungu kwa kijiko, zinaanguka chini kama vumbi la njano na kijivu, mke wake anafagia. Na nguo za shimo zilikuwa zinafuliwa pamoja na za mtoto.

"Sijui mpaka leo ni kiasi gani kilitoka kwa moshi wa kompanyi na kiasi gani kilitoka kwangu," alisema. "Nilipima mwanzi wa bunduki mpaka sehemu ya mia ya milimita. Mikono yangu mwenyewe sikuipima."

Hakuna aliyesema kitu. Kamarade wetu mgeuzaji alichelewa kugeuza sentensi ile.

Hapa kwetu tunaona betri za magari zikipasuliwa katika viwanja vya nyumba, risasi ikiyeyushwa kwa makala, watoto wamechuchumaa wanaangalia. Tujue basi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, sababu mama zao na majirani walikuwa wanachekecha udongo wa betri ili wapate risasi ya kuuza. Kabwe, ngambo ya mpaka, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo bado una sumu na watoto bado wanacheza juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haanguki siku ile. Anakuwa mzito wa masomo, tumbo linamuuma, na watu wanasema ni mvivu.

Sheria za mzee siku hizi ni hizi. Tanuru liko nje, mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni. Mtoto na mama mwenye mimba hawakaribii. Hakuna kula, kunywa wala sigara. Tone moja la maji lisiingie katika chungu, linarusha risasi ya moto usoni. Vumbi halifagiwi likiwa kavu, linapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Mikono na uso vinaoshwa kwa sabuni, na nguo zile hazilali ndani ya nyumba. Betri hazigusi hata kidogo: ndani yake kuna asidi, na madini mengine yenye sumu.

Tunabaki na nini

Asubuhi yake, semina iliendelea. Tulikuwa na swali letu la maski. Kompanyi moja tunayoijua iligawia watumikaji maski za kipimo kimoja, za watu wote. Karatasi yake ni nzuri, ina muhuri. Lakini mama mmoja wa kitengo cha kusaga mawe, mwenye uso mdogo, akivua maski yake kisha kazi, ndani yake kuna mstari mweusi wa vumbi kuzunguka pua. Tulipolalamika, tulionyeshwa karatasi.

Kijana wetu, yule wa swali la kwanza, akainua mkono: "Ile maski haiko na kipimo cha chemba yake." Watu wote walicheka, lakini tuliandika sentensi ile katika ripoti. Tukaomba vipimo vitatu vya maski, na kila mtumikaji ajaribishwe yake mbele ya kushuka, sawa vile mzee anajaribu kartushi yake ya uongo. Tumeomba pia bafu na mahali pa kuacha nguo za kazi, ili vumbi lisipande basi na siye kwenda kulala na watoto wetu. Jibu halijafika. Tutarudi mwisho wa mwezi.

Mzee amekwenda. Mikrometa alituachia, iko ku meza ya ofisi. Ndugu msomaji, kama una moto wa kuyeyusha risasi ku kiwanja chako, uutoe leo, usingoje sendika ije kukuambia.